Kupigwa na Wifi Kila Jumamosi

Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi asubuhi, wifi yangu alinipiga. Nikisema hivyo watu hunitazama kwa huruma na kuanza kuulizia shamba la baba huko Iyula, kana kwamba wameshakijua chanzo cha ugomvi. Hakuna ugomvi. Alinipiga kwa idhini yangu, mbele ya mwalimu, juu ya turubai lililotandikwa kwenye magunia ya pumba, na tukimaliza tulikunywa chai ya chupa moja. Kupigwa kwenyewe sikuona shida. Kilichonikera, na kinanikera hata sasa ninapoandika, ni kupigwa na mtu ambaye hakunizidi kitu, halafu kila ninayemuuliza sababu ana jibu lake.

Mambo yalianza na simu yangu. Nina duka la kutoa kopi hapa Tunduma, si mbali na mpaka, ambako madereva wa malori huja kutoa nakala za karatasi zao huku wakilalamikia foleni. Jioni moja nilikuwa nimeinama nafunga kufuli, mtu akanijia kwa nyuma, akanipinda mkono, akachomoa simu mfukoni mwa gauni langu, akaondoka. Wala hakukimbia. Alitembea tu mpaka akapotea kati ya malori. Na mimi, mtu mzima, mwenye sauti inayofanya kwayani waniweke mstari wa mbele, nilisema, "Samahani." Nilimwomba mwizi samahani, kama vile mimi ndiye niliyemkanyaga.

Kaka yangu aliposikia alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akatoa uamuzi. Yeye ndiye mkubwa, na tangu baba afariki hakuna jambo la familia linalopita bila uamuzi wake. Akasema niende nikajifunze kujihami. Na kwa kuwa hakutaka niwe peke yangu katikati ya wanaume, mke wake angenisindikiza. Wifi alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Aliinua kichwa akasema, "Na mimi tena?" Kisha akainama, akaendelea kushona.

Mazoezi yalifanyika kwenye ghala la mahindi upande wa Mpemba, mali ya shemeji yake mwalimu. Mahindi yakiwa yameuzwa, ghala lilibaki tupu na vumbi lake, nasi tulipiga chafya nusu saa nzima kabla ya kupiga kitu kingine. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyeishi miaka mingi Nakonde na kufundisha pande zote mbili za mpaka. Kila mwanamke alimwita "bamayo", kama Wabemba wanavyowaita mama zao, hata kama ni binti aliyemaliza darasa la saba juzi. Wanafunzi wengine walikuwa walinzi wa maduka na vijana wa bodaboda. Wanawake tulikuwa wachache, kwa hiyo siku ile ile ya kwanza alitusimamisha mimi na wifi bega kwa bega, akalaza fimbo juu ya vichwa vyetu. Fimbo ikatulia sawasawa. Akatupandisha kwenye mizani ya mahindi. Uzito ule ule.

"Ninyi mmeletwa pamoja na Mungu," alisema. "Mtapambana wenyewe kwa wenyewe."

Somo lake la kwanza sijalisahau, kwa sababu ndilo lililoniletea taabu yote. Alisema hapo hafundishi ugomvi. Kujihami ni kujibu. Anayetanguliza ngumi ameshakuwa mkorofi, na mkorofi ameshafungua mlango wa kupigwa. "Usianze," alikuwa akituambia. "Mwache mwenzako aanze. Wewe jibu."

Maneno mazuri, na barabarani yana maana yake. Lakini chukua watu wawili waliofundishwa hivyo na mwalimu mmoja, uwasimamishe uso kwa uso, uwaambie wapambane. Unajua kinachotokea? Hakuna. Mimi namsubiri yeye, yeye ananisubiri mimi. Tunazunguka. Tunatazamana. Ghala liko kimya, unasikia panya juu ya kenchi. Vijana wa bodaboda wanaanza kupiga miayo, mmoja anatoa simu. Na mwalimu, aliyetufundisha kusubiri, anakuwa wa kwanza kuchoka: "Bamayo, mmelala?"

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia, kila mara. Sikuumbwa kusubiri. Hata dukani mteja akichelewa kutafuta karatasi yake mfukoni, mkono wangu unakuwa umeshanyooka. Basi nikaingia na ngumi, au teke la chini, au kile kishiko cha kola tulichofundishwa wiki ile ile, na kabla sijafika wifi alikuwa ameshahama. Hakuhama sana. Mguu mmoja nyuma kidogo, bega likapinda, mkono wangu ukapita hewani, na kitu kilichofuata nilichokiona ni mabati ya paa.

Mara ya kwanza nilicheka. Baada ya miezi michache sikucheka tena.

Naomba nieleweke: sikuwa mvivu. Niliamka alfajiri nikakimbia kandokando ya barabara kuu, nikimeza moshi wa malori, mpaka akina mama wanaouza vitumbua wakanizoea na kunishangilia. Niliacha sukari kwenye chai. Nyumbani nilirudia kila hatua mbele ya kioo cha kabati mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta. Wifi je? Wifi alikuja amechelewa, nyuzi zimemganda kwenye sketi, futi ya ushonaji bado inaning'inia shingoni. Aliikunja, akaiweka juu ya gunia, akapanda kwenye turubai, akaniangusha, akashuka, akauliza kama kuna chai iliyobaki.

"Mwalimu," niliuliza, "ananizidi nini?"

Wiki hiyo alisema ni pumzi. Nikafanya mazoezi ya pumzi. Wiki nyingine akasema ni macho: mtazame kifuani, usimtazame usoni. Nikamtazama kifuani nikaangushwa vilevile. Kisha ikawa miguu. Kisha ikawa nia. "Wawili wakijua sawa," alisema huku akifuta jasho, "anayeshinda ni mwenye nia." Nikamwambia kwamba nia ninayo mpaka inanikaba, ila huyu mwenzangu hana nia kabisa, yeye anawaza vifungo vya sare za watoto wa watu. Mwalimu akafikiri, akasema basi huenda ni bahati.

Kaka yangu, aliyekuwa anaiona sifa ya mkewe kama yake, alisema ni milima. Wifi amezaliwa Ileje, kwao maji yanachotwa bondeni na nyumba ziko juu, kwa hiyo mapafu na mapaja yake si ya mchezo. Mama yangu, aliyekuwa akiishi kwa kaka tangu tulipomzika baba, alisema ni kwa sababu mimi sili. "Chai tupu asubuhi, halafu unakwenda kupigana na mtu aliyekula viazi." Kijana mmoja wa bodaboda alinivuta pembeni akaninong'oneza nimchunguze wifi kiunoni, kuna kitu amefunga. Nilimkemea. Halafu, Mungu anisamehe, Jumamosi ile tulipokuwa tunabadilisha nguo nikachungulia. Alikuwa amefunga pini kadhaa za ushonaji kwenye pindo la nguo, basi.

Ikaja habari ya mashindano ya Vwawa. Walimu wa kujihami wa mkoa walikuwa wamekubaliana kukutanisha wanafunzi wao, na wenzetu wa Nakonde walialikwa. Mwalimu akatuandikisha sote wawili. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilijiambia, hatimaye nitapambana na mtu mwingine, nijue mimi ni nani.

Na nilijua. Siku ile Vwawa nilimshinda mwalimu wa chekechea kutoka Mlowo, kisha nikamshinda dada mmoja mrefu wa Momba, wa familia ya wafugaji, mwenye mikono kama mpini wa jembe, ambaye kila mtu alisema atachukua kikombe. Nilishuka ulingoni kwa furaha. Nikamtafuta wifi nimsimulie. Wifi naye alikuwa ameshawaangusha wa upande wake, yuko kwenye kivuli anakula hindi la kuchoma.

"Nani kabaki?" nilimuuliza.

Alitafuna kwanza, akameza. "Mimi na wewe, wifi."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeacha duka langu limefungwa siku nzima, nimevaa nguo nyeupe za mazoezi alizonishonea yeye mwenyewe, nimesafiri mpaka Vwawa, nimewapiga watu nisiowajua, ili nifike fainali nipigwe na mtu anayenipiga nyumbani bila nauli.

Tulipopanda, nilikuwa nimeshaapa moyoni: leo sianzi. Hata jua lizame, sianzi. Ulingo uliwekwa kwenye uwanja wa wazi, na karibu yake kabisa kulikuwa na spika mbili kubwa zilizopiga muziki bila kupumzika, na mshereheshaji aliyepaza sauti juu ya muziki kana kwamba anauza mitumba. Tukainamiana kwa heshima. Tukakaa tayari. Nikasubiri. Naye akasubiri.

Watazamaji walivumilia kidogo. Kisha wakaanza miluzi. Mtu akapiga kelele, "Mnapimana nguo?" Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Mwamuzi akatuonya. Tukaendelea kuzunguka. Mshereheshaji akatangaza kwamba inaonekana hawa wawili wamepangana. Mwamuzi akatuonya tena, akasema tusipopambana atatutoa wote, na kikombe kitakwenda kwa yule dada wa Momba. Nikamwona yule dada amesimama, amefunga kanga kiunoni, anatazama kikombe.

Hasira zikanipanda. Hasira kwa mwamuzi, kwa mshereheshaji, kwa mwalimu na somo lake la kwanza, na kwa wifi ambaye uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri maji yachemke. Nikaingia. Nilikuwa tayari kuona mawingu. Badala yake ngumi yangu ikatua kifuani pake, *pu*, ikakaa hapo.

Hakuna kati yetu aliyeamini. Yeye aliitazama ngumi, mimi niliitazama ngumi. Mwamuzi akainua bendera. Tukarudi katikati, nikaingia tena, ikatua tena. Mara ya tatu alijikinga, lakini amechelewa, kama mtu aliyeamshwa. Nikashinda. Niliinuliwa mkono, nikapewa kikombe chenye sikio moja lililolegea, na mwalimu akanikumbatia akipiga kelele, "Nilisema! Nilisema ni nia!"

Kaka alisema ni zile mbio za alfajiri. Mama, tulipofika nyumbani, aliuliza kama nilikula asubuhi. Nikamwambia nilikula viazi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika akaingia jikoni.

Mimi sikuridhika. Usiku ule nilikiweka kikombe juu ya friji nikakitazama mpaka nikakichukia. Mtu aliyenishinda miaka mitatu hawezi kusahau kujikinga mchana mmoja. Nilikuwa na hakika kwamba ameniachia. Amenihurumia mbele ya watu, na kuliko huruma ya namna hiyo, naona heri ngumi.

Jumapili, mama na kaka wakiwa kanisani ibada ya pili, nilikwenda kwao. Nilimkuta wifi sebuleni, vitambaa vimetapakaa sakafuni, anakata suruali za wanakwaya.

"Wifi, uliniachia?"

"Sikukuachia."

"Niambie ukweli. Sitakasirika."

"Umeshakasirika," alisema bila kuinua macho. "Ulishinda, wifi. Chukua ushindi wako ukalale."

"Kwa nini hukujikinga?"

Mkasi ukasimama. Nikaona anafikiri kama aseme au asiseme, kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sikukusikia," alisema.

"Hukunisikia nini? Nilikuwa nasema kitu?"

"Ule muziki. Sikukusikia." Akatazama mlangoni, akapunguza sauti ingawa tulikuwa peke yetu. "Nikikwambia, usimwambie mtu. Ukisema nimesema, nitakana."

Nikaapa.

"Ukitaka kupiga, unavuta pumzi puani. Hivi." Akavuta pumzi fupi kwa pua, kavu, kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha. "Kila mara. Ukivuta hivyo, najua sasa inakuja. Nahama."

Nilimtazama kama mtu mwenye homa. "Miaka mitatu ulikuwa unasikiliza pua yangu?"

"Sikuwa nasikiliza. Nasikia tu. Mama anavuta hivyo hivyo."

"Mama yupi?"

"Mama. Mama yako." Sasa hakuwa anacheka tena. Alikuwa anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. "Ugali ukiwa laini, anavuta. Mtoto akienda shule na kola haikupigwa pasi, anavuta. Nikirudi sokoni nimechelewa, bado sijavua viatu, naisikia kutoka jikoni. Halafu ndiyo maneno yanakuja. Mimi nikisikia ile pumzi, kama nina sufuria mkononi naiweka chini kwanza. Nasimama vizuri. Nimekaa na mama tangu baba afariki, wifi. Wewe unakuja Jumapili, unakula, unaondoka."

Mimi nisipojua la kusema husema la ovyo. "Kwa hiyo wakati wote ule ulikuwa unampiga mama?"

"Yesu wangu!" Alishtuka kweli, mkasi ukaanguka. "Usiseme hivyo kabisa. Mama ni mama yangu. Mimi sijampiga mtu. Nimejikinga tu."

Tukasikia lango. Mama aliingia na Biblia yake kwapani, amemtangulia kaka. Alimsalimia wifi, nikampa shikamoo, akaitikia. Kisha akaona vitambaa sakafuni, siku ya Jumapili, na njia ya kupita hakuna.

Nikaisikia. Fupi, kavu, puani. Nimekulia kwenye nyumba ya pumzi ile, lakini sikuwahi kuisikia hata siku moja, kama vile mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake. Nikamtazama wifi. Mguu wake wa kulia ulirudi nyuma kidogo. Bega likapinda. Mikono ikatulia mbele ya kifua, imeshika kipande cha suruali. Kilikuwa kile kile kisimamo nilichokihangaikia mbele ya kioo cha kabati miezi na miezi. Mwalimu hakumfundisha kile kisimamo. Alikuja nacho.

"Hivi leo ni Jumatatu?" mama alisema.

"Naondoa sasa hivi, mama," alisema wifi, akaondoa.

Nilirudi kwangu nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Kwanza nilijaribu kuiua ile pumzi. Nikapumua kwa mdomo. Mwalimu akasema nahema kama mbwa wa mlinzi. Nikazuia pumzi kabisa. Nikaishiwa nguvu kabla ya kuinua mkono. Nikajaribu kuivuta makusudi bila kupiga, ili nimdanganye, lakini wifi alisema ya uongo inasikika ya uongo. Mwishowe nilimwambia mwalimu, bila kumtaja mama, kwamba mwenzangu ananisikia ninavyopumua. Uso wake ukang'aa. "Bamayo, si nilikwambia tangu mwanzo? Pumzi!" Nilitoka nje nikatembea kuzunguka ghala mpaka hasira zikapoa.

Lakini maneno ya wifi kwamba nakuja, nakula, naondoka, hayakutoka kichwani. Nikaenda kwa kaka nikamwambia nataka mama akae kwangu kidogo. Kaka akaona nimemtukana.

"Mama akae kwa binti, na mimi mwana wa kiume nipo? Watu wa Iyula watasema nini?"

"Watasema ana watoto wawili."

"Kwangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ndiyo maana nataka na mimi nimkoseshe kidogo."

Hakucheka. Wifi alikuwa barazani anazungusha cherehani kwa kasi isiyo ya kawaida. Nilimtazama anisaidie, akatazama sindano. Mama mwenyewe alinuna kwa wiki nzima, akidhani amefukuzwa, kisha akaja na godoro lake, kinu chake na picha ya baba.

Alikaa kwangu kuanzia mvua za kwanza mpaka kahawa ya Iyula ilipoanza kuiva, akaondoka kwenda kusimamia uchumaji. Nampenda mama yangu. Naliweka hilo kwanza ili linalofuata lisomwe vizuri. Vitu vyote vya chumbani na sebuleni kwangu vilihamishwa kutoka mahali pake. Chai yangu ilikuwa nyepesi. Mboga zangu zilikuwa zimeiva sana au hazijaiva. Niliporudi kutoka mbio za alfajiri niliulizwa nimefukuzwa na nani. Na kila mara, kabla ya neno, ile pumzi. Ulipofika mwezi wa pili nilikuwa naisikia kupitia mlango uliofungwa, na mvua inapiga bati. Siku moja nilikuwa nimebeba sinia la vyombo nikajikuta nimeliweka chini kabla sijajua kwa nini.

Kule ghalani mambo yakavurugika. Jumamosi moja nilishinda mimi, iliyofuata akashinda yeye, nyingine tukaangushana pamoja tukabaki tumelala kwenye turubai tunatazama mabati. Sijui kama mimi ndiye niliyepata kitu au yeye ndiye aliyepoteza kitu kwa kukaa nyumba yenye utulivu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuja mapema. Alikuwa ameanza kupiga hadithi na mama mmoja wa darasani anayeuza mitumba mpaka mwalimu anamwita mara mbili. Nilipomuuliza anaonaje, alisema, "Naona usingizi mtamu, wifi." Na mwalimu wetu, baada ya kutuangalia kwa makini Jumamosi kadhaa, alikunja mikono akatangaza mbele ya darasa zima:

"Sasa hawa wamekuwa sawa."

Nilitamani kulia. Tulikuwa sawa tangu siku ya fimbo na mizani! Ndilo jambo nililolisema kwa kila mtu kwa miaka mitatu!

Wiki ile mama alipokwenda Iyula kwenye kahawa, tulipambana tena. Nilipanda nikaweka miguu yangu, nikatuliza pua yangu, nikajiandaa kusubiri, maana sasa kusubiri nilikuwa nimekujua. Nilikuwa nimekaa na bingwa aliyenifundisha nyumbani kwangu. Nilikuwa bado nafunga mkanda vizuri. Wifi akaja. Hakusubiri, hakuzunguka, hakutazama kifua wala uso. Alinijia moja kwa moja kama mtu anayekimbilia nguo zake kwenye kamba mvua inaponyesha, akanishika kola, akanilaza chini.

"Wifi!" nilipiga kelele kutoka chini. "Mbona umeanza?"

Alikuwa amenikalia, anahema, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo nyumbani kwao.

"Sijui," alisema. "Nimejisikia."

Vijana wa bodaboda walishangilia. Mwalimu akaja mbio kumkumbusha kwamba kujihami ni kujibu, bamayo, si kuanza, nini tena hiki. Wifi akamwitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa adabu zote, akanipa mkono nikasimama. Goti langu lilivimba siku nne nikawahudumia madereva nikiwa nimekaa kwenye kiti. Jioni ile ile kaka alinipigia simu kuuliza nani kashinda. Nikamwambia amuulize mkewe, nikakata.